Sikio kwanza, kamusi baadaye: namna ya kuandika na kutafsiri maneno kati ya Kiitaliano na Kiingereza

Neno lililonifunza kazi hii ni "eventualmente". Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kutafsiri kwa malipo, na mezani nilikuwa na barua ya kiwanda kimoja kwenda kwa mteja wake asomaye Kiingereza. Barua ilisema kwamba kiwanda, "eventualmente", kingetuma fundi. Nikaandika "eventually", nikaendelea na mstari uliofuata. Mteja akaelewa kwamba fundi yuko njiani hata kama atachelewa. Akangoja wiki tatu, mashine imezimwa. Kumbe barua ya asili ilisema fundi atatumwa iwapo itabidi. Kosa lilikuwa langu, hasara ikawa ya mwenzangu.

Tangu hapo nina sharti moja. Sivuki kutoka Kiitaliano kwenda Kiingereza, wala kurudi, kabla sijakanyaga Kiswahili katikati. Najiuliza: jambo hili ningelisemaje kwa lugha niliyonyonya? Jibu la "eventualmente" ni "ikibidi", au "huenda". Jibu la "eventually" ni "hatimaye". Yakishawekwa hivyo hayachanganyiki tena. Kinachodanganyika ni macho, kwa sababu maneno ya lugha hizi mbili yamevaa nguo za kufanana.

Nayaandika haya kwa mtu anayekijua Kiswahili barabara, Kiingereza kwa kiasi, na Kiitaliano ndiyo kwanza anakianza. Usijione uko nyuma. Kuna mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hufika mapema kuliko Mwingereza.

Herufi: tunachokijua tayari, na mtego mmoja

Irabu za Kiitaliano ni a, e, i, o, u, na ukizisoma kama unavyosoma Kiswahili utaeleweka. E na o zina namna mbili za kutamkwa, ya wazi na ya kubana, lakini hilo laweza kusubiri. Maneno karibu yote huishia kwa irabu, kama yetu. Mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Kiingereza ndicho kigumu hapa: "though", "through" na "cough" zote zina "ough", na kila moja ina sauti yake. Waingereza walianza kuchapa vitabu kwao mwaka 1476, William Caxton alipoweka mtambo wake Westminster, na wakati huohuo irabu ndefu za lugha yao zilikuwa zinahama. Tahajia ikaganda, matamshi yakaendelea na safari. Kwa hiyo neno la Kiingereza unalikariri kwa macho, na la Kiitaliano unaliandika kwa sikio.

Mtego wetu sisi ni herufi "ch". Kwetu hiyo ni sauti ya "chai" na "chumba". Kwa Kiitaliano "ch" ni k. Neno "chi" maana yake ni "nani", nalo hutamkwa "ki". "Chiave", ufunguo, ni "kyave". Nimeona wanafunzi wetu hodari kabisa wakikwama hapa kwa miezi, kwa sababu jicho limezoea. Sauti yetu ya ch Mwitaliano huiandika kwa c peke yake, mradi ifuatwe na e au i: "cena", mlo wa jioni, husomwa "chena". Akitaka "cha", "cho" au "chu" huingiza i ambayo haitamkwi, ni alama tu: "ciao" ni "chao".

Ukielewa kwamba h na i hapa ni walinzi, mengine yote yanajipanga. H huzuia c na g zisilainike mbele ya e na i. I huzilainisha mbele ya a, o na u. Kwa hiyo ukisikia "ka" andika "ca", ukisikia "ke" andika "che". Ukisikia "go" andika "go", ukisikia "gi" andika "ghi", na ukisikia "jo" andika "gio", kama katika "giorno", siku. Ndiyo maana "lago", ziwa, wingi wake ni "laghi": h imeingia kuilinda g. Ndiyo maana pia "amica", rafiki wa kike, wingi wake ni "amiche". "Amico" wa kiume huwa "amici", hutamkwa "amichi", na hapo hakuna sheria ya kukusaidia. Likariri.

Sauti ya "sh" huandikwa "sc" mbele ya e na i, na "sch" ni "sk". Waingereza wengi huagiza "bruschetta" kwa sauti ya sh. Mwitaliano husema "brusketta". "Gn" ni ny yetu ya "nyumba", basi "ogni", yaani kila, ni "onyi". "Gli" hatuna. Ibandike sehemu pana ya ulimi kwenye kaakaa huku unasema "lyi", utakaribia: "figlio", mtoto wa kiume.

H mwanzoni mwa neno haitamkwi kamwe. Ipo katika maumbo manne ya kitenzi cha kuwa na kitu, "ho", "hai", "ha", "hanno", ili jicho liyatenganishe na "o", "ai", "a" na "anno". Ukiisahau umeandika neno jingine. Kosa hili hata watoto wa Kiitaliano hulifanya, sawa na kuandika "squola" badala ya "scuola".

Konsonanti mbili

Hapa nakaa muda mrefu na kila ninayemfundisha. Kwa Kiingereza konsonanti mbili ni urembo wa karatasi: "r" mbili za "carry" hazisikiki kuwa mbili. Kwa Kiitaliano zinasikika, na zinabadili maana.

"Capello" ni unywele mmoja, "cappello" ni kofia. "Casa" ni nyumba, "cassa" ni sanduku au mahali pa kulipia. "Pala" ni sepetu, "palla" ni mpira. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu. "Pena" ni adhabu au uchungu, "penna" ni kalamu. "Anno" ni mwaka, na ukipunguza n moja umetaja tundu la haja kubwa, kwa hiyo yeyote anayeandika umri wake kwa Kiitaliano na ahesabu hizo n kabla ya kutuma.

Wengi husema Kiswahili hakina kitu kama hiki. Kinacho, ila hatukitazami. Sema "mmoja": midomo inafungwa kwa m ya kwanza na inakaa kidogo kabla ya ya pili. Sema "nne". Sema "Allah" kama mtu anavyolitamka akiswali, ulimi unavyotulia kwenye l. Huo ndio mtulio wenyewe. Kata neno mahali pa mtulio: non-no, set-te, cap-pel-lo. Mimi hugonga meza kidole kimoja mahali pa kukata. Asiyeweza kulisema neno hivyo hatajua kuliandika, na orodha za kukariri hazitamfikisha mbali.

Matatizo huanza unapovuka, kwa sababu lugha hizi mbili hazirudufu herufi mahali pamoja. Kiingereza "public" kwa Kiitaliano ni "pubblico". "Academy" ni "accademia". "Machine" ni "macchina". "Apartment" ni "appartamento", p mbili. Kisha upande wa pili: "common" ni "comune", m moja, "communication" ni "comunicazione", "committee" ni "comitato". Daftari langu lina kurasa sita za jozi hizi, nimeziandika kwa wino mweusi na herufi yenye utata kwa wino mwekundu. Bado nazifungua.

Sheria mbili ndogo zitakuokoa mara nyingi. Z na g hazirudufiwi kabla ya "-ione": "stazione", "ragione". B hairudufiwi kabla ya "-ile": "possibile". Na sauti ya "kw" yenye k mbili huandikwa "cq", kama "acqua", maji. "Soqquadro", vurugu, ndilo neno mashuhuri linalokataa. "Cuore", moyo, na "scuola", shule, hazina q kabisa.

Alama juu ya irabu

Mkazo ukiangukia silabi ya mwisho, lazima uandikwe: "città", "università", "perché", "caffè". Juu ya e alama inaelekea upande tofauti kutegemea sauti. "Perché" na "né" hupanda kulia. "Caffè", "tè", "cioè" na "è" huelekea kushoto. Kwenye simu bonyeza e bila kuachia, zote mbili zitatokea.

Ya muhimu kuliko zote ni "è". Hiyo ni "ni". Bila alama, "e" ni "na". Sentensi yote inageuka.

Mkazo ukianguka mahali pengine, Mwitaliano haandiki chochote na msomaji anatakiwa ajue. "Telefono" mkazo uko kwenye "le". "Ancora" ukiikazia a ya kwanza ni nanga, ukiikazia o ni "bado" au "tena". Hili halipaswi kutushangaza sisi wenye "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kufanya jambo sawasawa, zote kwa herufi zilezile.

Ritifaa, ileile ya "ng'ombe", ina kazi yake. "Po'", kidogo, huandikwa kwa ritifaa kwa sababu ni "poco" iliyokatwa mkia. Ukiweka alama ya mkazo juu ya o umekosea, ingawa utaiona kila mahali. Rafiki wa kiume ni "un amico", wa kike ni "un'amica". "Qual è" haina ritifaa.

Kutaja herufi kwa sauti

Siku moja utapiga simu na utaombwa utaje jina herufi kwa herufi. Hapo ndipo vyeti huharibika. Herufi e Mwingereza huiita "ii", na Mwitaliano akisikia "ii" huandika i. Herufi a Mwingereza huiita "ei", na i huiita "ai". Jina "Neema" likitajwa kwa Kiingereza kwa Mwitaliano asiye makini litarudi likiwa na i mbili katikati, na mwenye jina atahangaika na ofisi mwaka mzima kurudisha e zake.

Kwa hiyo taja kwa majina ya lugha ya anayeandika. Ya Kiitaliano ni haya: a, bi, ci, di, e, effe, gi, acca, i, elle, emme, enne, o, pi, qu, erre, esse, ti, u, vu, zeta. Hizo ni 21. J, k, w, x na y ni wageni, nao huitwa i lunga, kappa, doppia vu, ics na ipsilon. Kumbuka kwamba "ci" hutamkwa "chi", na "acca", yaani h, hutamkwa "akka".

Waitaliano huimarisha herufi kwa majina, mengi yakiwa ya miji, na wakiisikia orodha hii hutulia. A come Ancona, B come Bologna, C come Como, D come Domodossola, E come Empoli, F come Firenze, G come Genova, H come hotel, I come Imola, L come Livorno, M come Milano, N come Napoli, O come Otranto, P come Padova au Palermo, Q come quaderno, R come Roma, S come Savona, T come Torino, U come Udine, V come Venezia, Z come Zara. "Come" hapo ni "kama", hutamkwa "kome".

Chukua "Mwajuma", jina lenye wageni wawili. Kwa Mwitaliano: emme come Milano, doppia vu come Washington, a come Ancona, i lunga come jolly, u come Udine, emme come Milano, a come Ancona. Kwa anayeandika kwa Kiingereza tumia alfabeti ya marubani, iliyoanza kutumika mwaka 1956: Mike, Whiskey, Alfa, Juliett, Uniform, Mike, Alfa. "Alfa" ina f na "Juliett" ina t mbili kwa makusudi, ili msomaji asiye Mwingereza asipotoke. Baada ya kumaliza, mwombe akusomee alichoandika. Usiikate simu kabla hajakusomea.

Njia zilizoachwa na Kilatini

Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza si mtoto wake, lakini baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kilimwaga humo maelfu ya maneno yenye asili ya Kilatini, na wasomi wakaongeza mengine. Ndiyo maana lugha hizi mbili zina njia zinazopitika kati yao, na ukizijua utaandika maneno mengi ambayo hujawahi kuyaona.

Miisho ndiyo rahisi. Kiingereza "-tion" ni "-zione", "-ty" ni "-tà", "-ly" ni "-mente", "-ous" ni "-oso". Lakini penye utamu ni ndani ya neno, kwa sababu Kiitaliano hakipendi baadhi ya konsonanti tofauti kugongana. Moja humezwa na nyingine inarudufiwa. "Doctor" inakuwa "dottore". "October" ni "ottobre". "Egypt" ni "Egitto". "Object" ni "oggetto". Ukiona "ct" au "pt" katika neno la Kiingereza, kisia "tt", na utapatia mara nyingi kuliko utakavyokosa. Hapo hapo umepata pia sababu ya nusu ya zile konsonanti mbili zilizokusumbua.

X hulainika: "example" ni "esempio", "Alexander" ni "Alessandro". Ph ni f: "farmacia", "filosofia". Th ni t: "teatro". Y ni i: "sistema". H ya mwanzo huanguka: "honour" ni "onore", "hospital" ni "ospedale". Na kuna l inayogeuka i baada ya konsonanti, mabadiliko ninayoyapenda kuliko yote: "plant" na "pianta", "flower" na "fiore", "clear" na "chiaro", "blond" na "biondo". Mtu akishaona hilo huweza kukisia "piazza" ni ndugu wa "place" kabla hajaambiwa.

Sura moja, ukoo mbali

Njia hizo hizo ndizo zinazotupeleka shimoni. Neno linaweza kufuata sheria zote za sauti na bado maana yake ikawa imehama karne nyingi zilizopita. Hapo hakuna dawa ila ileile: taja maana kwa Kiswahili.

Nyumbani na kwa watu: "parenti" ni jamaa, si wazazi, wazazi ni "genitori". "Camera" ni chumba. Kamera ya picha ni "macchina fotografica". "Educato" ni mtu mwenye adabu, hata kama hakwenda shule. Elimu ya darasani ni "istruzione". "Libreria" ni duka la vitabu au rafu ya vitabu, na maktaba ni "biblioteca".

Kazini ndiko hasara kubwa ziliko. "Fattoria" ni shamba la mifugo na mazao, na kiwanda, "factory", ni "fabbrica". Lakini "fabric" ya Kiingereza ni kitambaa, "tessuto". "Magazzino" ni ghala. Jarida ni "rivista". "Firma" ni sahihi ya mkono, na nimeona fomu iliyoandikwa upya kwa Kiingereza ikimtaka mtu ataje kampuni yake mahali palipohitaji kutiwa sahihi tu. "Patente" ni leseni ya kuendesha gari, wakati "patent" ya uvumbuzi ni "brevetto". "Attualmente" ni "kwa sasa", si "actually", ambayo ni "kwa kweli". "Argomento" ni mada, si ugomvi.

Mambo ya moyoni yanahitaji upole zaidi, kwa sababu hapa unaweza kumtukana mtu bila kujua. "Sensibile" ni mwepesi wa kuguswa. "Sensible" ni mwenye busara. "Delusione" ni kuvunjika moyo. Mama akiandika kwamba ana "delusione" kuhusu mwanawe, anasema ameumia. Ukimtafsiri "delusion" umemwambia daktari kwamba anaamini yasiyo ya kweli. "Annoiato" ni aliyechoshwa, hajaudhika. "Sopportare" ni kuvumilia, si kusaidia. "Pretendere" ni kudai, si kujifanya. Mume anayesema "ti sopporto" hasemi anakutegemeza.

Vitu vidogo: "caldo" ni moto, na kwenye bomba la maji la Kiitaliano C ni ya maji ya moto. "Preservativi" ni kondomu. Vihifadhi vya chakula ni "conservanti". "Rumore" ni kelele, na uvumi ni "voce". "Largo" ni pana, si kubwa.

Kila unapokutana na neno linalofanana mno, fanya safari mbili katika kamusi. Tafuta "library", upate "biblioteca". Kisha rudi utafute "libreria" uone lilikuwa likisema nini. Kamusi ya lugha mbili hukupa maana ya kwanza haraka. Ile ya Kiitaliano kwa Kiitaliano hukupa ukoo mzima. Mimi hutumia ya Treccani, inayopatikana bure mtandaoni, na penye ubishi wa sarufi naenda kwa Accademia della Crusca, chama cha Firenze kilichoanzishwa karne ya 16 na kutoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1612. Hadi leo chama hicho hujibu maswali ya watu. Kazi yenyewe ya kuziunganisha lugha hizi ni ya zamani: John Florio alichapisha kamusi yake ya Kiitaliano na Kiingereza London mwaka 1598.

Pale Kiswahili kinapokuwa daraja

Sasa nifike kwenye lile linalonipa furaha. Mwingereza husema yeye "ni" njaa: "I am hungry". Mwitaliano husema "ho fame", nina njaa. "Ho sete", nina kiu. "Ho sonno", nina usingizi. "Ho fretta", nina haraka. "Ho paura", nina hofu. "Ho vent'anni", nina miaka ishirini. Neno kwa neno, kama mtu aliyezitafsiri kutoka kwetu. Mwanafunzi anayeanzia Kiingereza huandika "sono fame" na kukosea. Anayeanzia Kiswahili hapati shida.

"Sentire" ni kusikia, na pia kuhisi, kama sisi tunavyosikia sauti na kusikia baridi. Kiingereza kitakulazimisha uchague "hear" au "feel". "Parlo" tayari ina "mimi" ndani yake, kama "ninasema", kwa hiyo usiweke "io" mbele ila unapotaka kusisitiza. Umilikaji hufuata kitu kinachomilikiwa: "il suo libro", "la sua casa", kama kitabu chake, nyumba yake. Wala "suo" haisemi mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, sawa na "-ake".

Hapo kuna hatari unapokwenda Kiingereza. "Ha detto" ni "alisema", na Kiingereza kinadai "he" au "she". Programu ya kutafsiri itakisia. Wewe usikisie, tafuta ushahidi katika sentensi za jirani. "È andata" inakuambia aliyekwenda ni mwanamke, kwa ile a ya mwisho. Usipopata ushahidi, muulize aliyekupa kazi.

Mahali pengine Kiswahili nacho hudai zaidi ya Kiitaliano. "Nipote" yaweza kuwa mjukuu, au mtoto wa ndugu yako, wa kike au wa kiume. Kiingereza kitataka "grandson", "granddaughter", "nephew" au "niece", nasi tutataka kujua kama ni mjukuu au mpwa. Katika hati ya mirathi neno hilo moja linabeba urithi. Uliza.

Na "you" ya Kiingereza haikuambii heshima. Kwa Kiitaliano mtu mzima usiyemzoea humwiti "tu", humwita "Lei", na kitenzi kinakwenda na nafsi ya tatu. Msemaji wa Kiswahili anajua mkubwa hasalimiwi kama rika. Tumia kipimo hicho hicho. Barua yenye shikamoo moyoni iandikwe kwa "Lei".

Tarakimu, na maneno yaliyohama

Haya nayapitia haraka. Mwitaliano huandika 1.250,75, na Mwingereza 1,250.75, nukta na mkato vimebadilishana kazi. "Miliardo" ni "billion", lakini "bilione" ni "trillion". "Il Quattrocento" ni miaka ya 1400, kwa hiyo ni karne ya 15, si ya 14. Miezi, siku na majina ya lugha huanza kwa herufi ndogo kwa Kiitaliano: "lunedì", "gennaio", "inglese". Kwa Kiingereza ni kubwa.

Maneno ya Kiingereza yaliyohamia Kiitaliano hayapokei s ya wingi: "il film", "i film". Mengine yamepata maisha mapya: "smoking" ni suti ya jioni, "box" ni gereji, "golf" ni sweta pia, "mister" ni kocha wa mpira. Usiyarudishe Kiingereza kama yalivyo. Na ya Kiitaliano yaliyohamia Kiingereza nayo yamebadilika. "Confetti" za Kiitaliano ni lozi zilizofunikwa sukari, na vile vipande vya karatasi vya kurusha huitwa "coriandoli".

Ninavyomaliza kazi

Nikishaandika ukurasa, naufunika ule wa asili. Nasoma nilichoandika na kukisema kwa Kiswahili kwa sauti, sentensi moja moja. Kisha nafunika changu, nafunua ule wa asili, nasema nao kwa Kiswahili. Pale Kiswahili viwili vinapotofautiana, pana kosa, na mara nyingi ni neno moja lililofanana mno. Halafu nasoma Kiitaliano peke yake nikigonga meza kwa kila konsonanti mbili, na mwisho natafuta kila "e" iliyosimama peke yake, nione kama ilitakiwa kuwa "è".

Jana jioni nilikuta moja, katika mstari wa mwisho wa hati ya kurasa kumi na moja.